Kitambaa cha Nani Uliwahi Kukiharibu

Habari ilimkuta Fundi amepiga magoti chini ya cherehani ya watu, mikono imejaa grisi. Mwenye cherehani, mama mmoja mshonaji wa sare za shule, alikuwa amekaa pembeni na simu yake, anacheka peke yake. Halafu akasema, bila ubaya wowote, kwamba yule shemeji yake Fundi amekipatia kweli kile kipindi, na kumbe siku zote ndiye mwenye kipindi.

"Kipindi gani?" Fundi akauliza.

Mama wa watu akamgeuzia simu. Ndani yake alikuwa Emsii, mdogo wake mume wa Fundi, mtu wa kusherehesha harusi, ndevu zimechanwa, nyuma yake pazia la buluu. Alikuwa anauliza maswali. Maswali ya Fundi. Neno kwa neno, hadi pale Fundi alipozoea kusita kidogo kabla ya kumalizia, naye alisita.

Huyu Fundi alikuwa anatengeneza vyerehani, na kwa sababu wenye vyerehani wametapakaa, kazi yake ilikuwa ya kusafiri mji hadi mji na begi la bisibisi na kopo la mafuta. Watu wote walimwita Fundi, hata mumewe. Safarini aligundua jambo moja: mshonaji ambaye cherehani yake imefunguliwa hana la kufanya isipokuwa kuongea, na mshonaji akiongea, anaongea kweli. Anajua nani ameolewa na mimba ya mwingine na nani amezikwa na suti ya kuazima. Basi Fundi akaanza kuwarekodi, picha na sauti, na kuwaweka mtandaoni.

Vifaa alivinunua kidogo kidogo, kwa pesa ambayo wanawake wengine wangenunulia viatu. Simu alikuwa nayo. Maiki mbili ndogo za kubana kwenye kola alizipata kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anahama. Kistendi cha miguu mitatu kilikuwa kinakunjika hadi kuwa kama mwavuli mfupi, na mguu mmoja uliopoteza raba aliuvisha raba ya gurudumu la cherehani. Upepo ulipokuwa unaharibu sauti, akachuna manyoya ya mdoli wa binti yake, akazishonea maiki vikofia. Ongeza taa ndogo na pawabenki, vyote viliingia kwenye begi lile lile la bisibisi, na nafasi ya kanga ilibaki. Kila mazungumzo aliyaanza kwa kupiga kofi moja mbele ya kamera, viganja kwa viganja, ili baadaye aoanishe sauti ya maiki na picha ya simu. Baada ya kofi lilifuata swali ambalo hakulibadilisha kamwe: kitambaa cha nani uliwahi kukiharibu, na ulimwambiaje mwenyewe? Hapo ndipo watu walipokuwa wanalia, au wanacheka hadi wanalia.

Sasa kwenye simu ya mama wa sare, mama mmoja mzee, mshonaji wa magauni ya harusi, alikuwa anajibu swali hilo. Fundi alikumbuka siku ile, alikumbuka hata harufu ya chumba. Mzee alifuta macho, akasema, "Wewe ni mwanamke mwenzangu, unanielewa." Picha ikakatwa, akatokea Emsii na ndevu zake, anaitikia kwa kichwa kwa huruma nyingi.

Mama wa sare alikuwa anachekea hapo. Fundi hakucheka. Alirudi chini ya cherehani, akakaza skrubu ya mwisho kwa nguvu mpaka kichwa cha skrubu kikachubuka, kosa ambalo hajapata kulifanya tangu aanze kazi.

*

Nyumbani aliwakuta wote watatu. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi na miguu yake juu ya kigoda. Mume alikuwa bado na sare ya kazi, maana muda si mrefu uliopita kampuni ya mabasi ilikuwa imemtoa kwenye dirisha la kukata tiketi na kumfanya msimamizi wa kituo, na ile tai alikuwa haivui hata akinywa chai. Emsii alikuwa mezani anakula. Alikuwa anakula sana kwa kaka yake, hilo nalo nilitaje.

Fundi aliweka begi chini, akamuuliza vizuri tu, huku damu inamchemka, video zake amezipataje.

Emsii hakuona hata haya. Alifuta mdomo, akaanza kueleza kwa ile sauti yake ya kukaribisha maharusi. Kampuni ya mabasi inataka kipindi cha safarini. Watamsafirisha bure, atarekodi kila mji, nembo ya basi itakaa pembeni ya picha. Kampuni haiwezi kumweka mbele mwanamke mwenye grisi kwenye kucha. Si yeye anayesema, ni soko.

"Shemeji, usinielewe vibaya," akasema. "Wewe una maswali, mimi nina sura. Tugawane."

"Tugawane, na umeshachukua?"

Emsii akarudi kwenye sahani yake. Fundi akaenda kwenye kopo la vifungo alimohifadhi kadi yake ya kumbukumbu, akakuta vifungo vitupu. Akajaribu kufungua ukurasa wake kwa simu, neno la siri likakataa. Akaelewa jinsi alivyoibiwa. Alikuwa na mtindo wa kurekodi kila maiki peke yake, sauti ya mgeni huku, sauti yake kule, ili kazi iwe safi. Usafi huo ndio uliomrahisishia Emsii. Alimfuta bila kuacha hata pumzi yake.

Alimgeukia mumewe, akamuuliza ni nani aliyejua kadi inakaa wapi. Mume aliangalia viatu vyake. Akasema huenda mtoto alichezea lile kopo, na neno la siri ni tarehe ya harusi yao, ukoo mzima unaijua, mtu anaweza kubahatisha. Fundi akamwamini. Hasira yake yote ilikuwa kwa mmoja, na wa pili hakumtafuta.

Mama mkwe akasema mambo ya ndani yabaki ndani. "Huyo ni damu yenu, mwanangu. Si atakutaja mwishoni?"

"Nitamtaja," akasema Emsii, "kwenye shukrani." Halafu, kama anayemfanyia mtu hisani, akaongeza kwamba anamhitaji safari ya wiki ijayo. Vifaa vya kukodi ni mizigo mitupu, vinataka gari la peke yake. Vya shemeji vinakaa chini ya kiti cha basi. Fundi atabeba begi na kuwasha vile ambavyo wengine hawajui kuviwasha.

Fundi alimtazama kwa muda. "Sawa," akasema.

Wote wakashusha pumzi. Mume akamshukuru kwa kuwa mtu mzima. Kama wangekuwa na akili, sawa ile ingewatisha.

*

Safarini Emsii alimtambulisha kama "mbeba begi wangu". Alisema hivyo kwa dereva, kwa mhudumu, kwa wenye maduka, na kila mara alicheka kwanza ili wengine wajue ni mzaha. Vile vikofia vya manyoya aliviita panya wa shemeji. Walipofika kwa mshonaji wa mapazia, mama mnene aliyemkumbatia Fundi hadi miwani ikamtoka, Emsii aliwatenganisha kwa adabu, akamkalisha mama kwenye kiti na kumwambia amtazame yeye, asimtazame huyo aliye nyuma ya kamera. Mama alijaribu. Kila swali lilipomgusa, macho yake yalirudi kwa Fundi, na kila yaliporudi, Emsii alisema turudie. Walirudia mpaka mama akachoka, akawa anajibu ndiyo na hapana.

Mchana walikutana hotelini na afisa masoko wa kampuni. Meza ilikuwa ya watu wawili. Emsii akamwambia shemeji yake akale na dereva, nje, kwenye kivuli cha basi.

Kuna jambo la kueleza kuhusu zile maiki. Fundi alizichagua kwa sababu kila moja ina kumbukumbu yake ndani. Simu ikipata joto ikazima, zenyewe zinaendelea kurekodi mpaka uzizime kwa kidole. Emsii hakujua. Yeye alikulia kwenye maiki za ukumbini, zile za kushika mkononi: ukiiweka mezani, umenyamaza. Kwake, simu ikishakunjwa na kistendi kikiingia begini, kazi imekwisha. Akaondoka kwenda kula na panya wake kwenye kola.

Fundi alimwona. Sitamtetea: alimwona vizuri, akafungua mdomo kumwita, akaufunga. Alikwenda kukaa na dereva na kula chakula chake chote.

Walipokuwa wanarudi, Emsii alilala viti vya mbele. Fundi alimbandua maiki kolani, akarudi kukaa nyuma, akaichomeka kwenye simu, akavaa kifaa cha kusikilizia sikio moja. Alikuwa anatafuta kitu cha kumtia Emsii aibu tu, na alikipata haraka. Sauti ilikuwa safi, hata vijiko vilisikika.

"Abiria ni mzigo unaojipakia wenyewe," Emsii alikuwa anasema. "Basi linuke, lichelewe, wewe waonyeshe kikongwe cha cherehani kinalia. Watapanda tu." Afisa akacheka, akasema bosi mzee asije akayasikia hayo, maana anawapenda abiria wake kama watoto. Wakacheka wote wawili.

Fundi alitabasamu dirishani. Angeishia hapo, angelala usingizi mzuri siku ile. Lakini afisa akauliza, "Na yule mwanamke ulimpataje? Kazi yote hii akakuachia?"

"Yeye hakuniachia kitu. Ni kaka. Aliniletea kadi mwenyewe, ameiviringisha kwenye soksi, na neno la siri akaniandikia kwa mkono wake. Nilimwambia nitamsemea kwenu apewe usimamizi." Kijiko kikagonga sahani. "Kaka yangu ukimpa tai, anakupa hata mke."

Fundi alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena. Ile suruali ya usimamizi ilikuwa ndefu ilipoletwa, naye ndiye aliyeikunja pindo. Mume alisimama juu ya kigoda cha mama yake, Fundi amechuchumaa, pini mdomoni, na mume akamwekea kiganja kichwani na kumwambia Mungu akuzidishie. Kadi ilikuwa imeshatoka kwenye kopo siku hiyo.

Hakulia. Alitaka kuwaumiza. Hakutaka kukaa nao chini waelewane, hakutaka kuombwa radhi, wala hakutaka wazee wa ukoo. Alitaka yule wa mbele aliyelala mdomo wazi aaibike mbele ya watu, na yule wa nyumbani aaibike kwa namna ambayo ataibeba kila anapofunga tai. Njia yote iliyobaki alikuwa anapanga, na kupanga kulimpa raha kuliko kitu chochote alichokipata mwaka ule.

*

Kampuni ilizindua kipindi kwenye ukumbi wa kusubiria wa kituo cha mabasi, mchana kweupe. Viti vya abiria vilipangwa mistari, wakakalishwa wale washonaji waliowahi kuhojiwa, kila mmoja amevaa kazi ya mikono yake. Mbele alikaa tajiri mwenye mabasi, mzee mfupi aliyeanza maisha kwa kuosha mabasi ya wengine. Mama mkwe alikuwa na gauni jipya na anawaonyesha jirani zake wanawe wawili, yule mwenye tai na yule mwenye maiki.

Fundi alikuwa pembeni, kwenye meza ya kuendeshea spika. Hakuna aliyemwangalia.

Mume alipita anakagua mistari ya viti, akamtupia tabasamu. Fundi akamwita kwa kidole. Alipoinama, akamtia kifaa cha sikio, akabonyeza. Mume alikuwa ametazama wageni na meno yake yote yako nje, na meno yalibaki vile vile huku uso unapauka. Alisikia soksi. Alisikia tai. Kifaa kilipomtoka sikioni hakukiokota.

"Fundi," akanong'ona. "Tuna mtoto. Kazi hii ndiyo ada yake. Nakuomba."

"Simama hapa hapa nikuone."

Akasimama. Jasho lilimtoka mpaka kola ikabadilika rangi.

Emsii alipanda jukwaani, akawasalimu watu kwa vyeo vyao, akawachekesha, akamsifia tajiri hadi mzee akaona aibu. Akasema sasa wataonjeshwa kidogo kutoka safari ya kwanza. Akampa Fundi ishara kwa vidole viwili, kama anavyowafanyia watu wa muziki.

Fundi akabonyeza.

Spika za kituo ni kubwa, zimefanywa kuita mabasi. Sauti ya Emsii ilitoka kotekote. Ilisema abiria ni mzigo unaojipakia wenyewe. Ilisema kikongwe cha cherehani. Mzee wa magauni ya harusi alikuwa mstari wa pili, na alijijua. Abiria waliokuwa nje na mabegi yao wakasogea mlangoni. Emsii alipeleka mkono kwenye kola yake, akaipapasa, na siku hiyo haikuwa na kitu. Afisa masoko akaanza kutafuta kitu chini ya kiti chake. Kile kicheko cha wawili kikafuata, kirefu.

Halafu spika zikauliza, "Na yule mwanamke ulimpataje? Kazi yote hii akakuachia?"

Mume akashika ukingo wa meza. Fundi alimtazama usoni, kidole chake juu ya kitufe, akamwacha asikie sauti ya ndugu yake ikisema, yeye hakuniachia kitu. Kisha akazima.

Abiria wa mlangoni wakatazamana. Mume aliinama kama mtu aliyetuliwa gunia, machozi yakamtoka, na waliomwona walidhani anamlilia mdogo wake.

Tajiri alimwambia Emsii ashuke. Hakupaza sauti. Mzee wa magauni ndiye aliyepaza. Alisimama kwenye mstari wa pili, akanyoosha mkono hadi kwenye meza ya spika, akasema, "Mimi aliyeniuliza ni yule. Huyu mwenye ndevu namwona leo." Wenzake wakaitikia, mama wa mapazia akaitikia zaidi ya wote.

Emsii alielekea mlango wa pembeni. Fundi alimkatia njia, akamnyooshea simu, ukurasa umefunguliwa pale pa kuandika neno la siri. Emsii aliliandika mbele ya watu. Alikosea, akaandika upya. Mama yake alikuwa anatazama sakafu.

*

Walirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Tajiri alikuwa amemwambia Fundi aje ofisini wakati wowote, kipindi kifanyike vyovyote atakavyo, na Fundi alisema atafikiri. Njiani mume hakuacha kuongea. Alimshukuru, akamwita mke bora, akaapa kwa wazazi wake, akasema alipotoshwa, akasema alifanya vile kwa ajili ya nyumba, akasema atamnunulia maiki mpya, nzuri kuliko zile. Walipofika sebuleni alikuwa ameanza kupumua.

"Umenisitiri," akasema. "Ulikuwa unaweza kunimaliza pale, ukanisitiri."

Mama mkwe aliketi kwenye kochi lake, akavua viatu. Yeye kisa chote hakukijua. Alijua mwana mmoja ameanguka na mwingine amebaki amesimama, akamwambia Fundi kwamba mke anayefunika ya nyumba yake ndiye mke.

Fundi alivuta kiti cha mezani, akakiweka mbele ya dirisha ambako mwanga ulikuwa mzuri.

"Kaa hapo," akamwambia mumewe.

Akakaa. Alidhani ni mambo ya kuzungumza. Fundi alifungua begi, akakunjua kistendi, akakipima kwa ule mguu wenye raba ya cherehani, akaweka simu. Akachukua maiki moja, akaiendea tai ya mumewe, akaibana chini kidogo ya fundo na kuipuliza manyoya yakae vizuri. Mume alimshika mkono.

"Hii inaenda wapi, Fundi?"

"Ukurasa nimerudishiwa. Unaujua, uliutoa mwenyewe."

"Inaenda huko?"

"Itategemea utajibuje. Leo haiendi. Nitaihifadhi kwenye kopo la vifungo. Utakuwa unaipita kila siku."

Mama mkwe akauliza kuna nini. Akauliza tena kwa sauti ya mtu anayeanza kuogopa, akakusanya miguu yake kutoka kwenye kigoda.

Fundi alibana maiki ya pili kwenye gauni lake mwenyewe. Akasimama mbele ya kamera, akapiga kofi moja, viganja kwa viganja. Mume akashtuka kitini.

"Kitambaa cha nani uliwahi kukiharibu," akauliza, akasita kidogo kama alivyozoea, "na ulimwambiaje mwenyewe?"

Mume aliangalia mlango. Aliangalia mama yake. Mwisho aliangalia pindo la suruali yake, lile lililokunjwa sawasawa, mshono hauonekani.

"Chako," akasema kwa sauti ya chini.

Fundi akatazama kioo cha simu, akatikisa kichwa.

"Haijafika vizuri," akasema. "Na mama hajasikia. Inua uso, tuanze upya."

Akapiga kofi.